Mambo Madogo ya Mji Mdogo

Hotuba kwa wanachama wa klabu ya filamu, kabla ya onyesho la jioni. Tumeiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani hazimo.

Mwenyekiti wa klabu, wazee wetu mliovumilia viti vya plastiki, dada na kaka zangu wa kamera na wa kalamu, na ninyi vijana mliojipanga karibu na mlango ili kutoroka kuwe rahisi: habari za jioni.

Nimepewa mada moja tu, filamu za marafiki wanaokua pamoja katika mji mdogo. Mnazijua. Kuna marafiki watatu, wanne, watano. Wana miaka 12, au 17, au 19. Unapita msimu mmoja, pengine siku mbili, pengine usiku mmoja. Hakuna anayeiokoa dunia. Filamu inapokwisha wale watoto si wale tena, na ukiulizwa ni nini hasa kimetokea, unabaki unakuna kichwa.

Mwenzetu mmoja, simtaji, na sasa hivi anajificha nyuma ya mgongo wa mtu, ameniambia pale nje: "Mzee, filamu zile hazina kitu. Watu wanatembea tu." Je, ni kweli? Watu wanatembea tu? Hebu tulichukue swali lake kama lilivyo, maana wengi wenu mnalo moyoni, ila mnaona haya kuliuliza mbele ya watu wanaojiita wapenzi wa sinema.

Jibu langu ni hili. Jambo lipo. Filamu ya upole haikosi jambo. Ila jambo lenyewe lina ukubwa anaouona mtoto, na mwongozaji amekataa kulipunguza. Mtu mzima akilitazama anasema, ah, hili nalo? Mtoto akilitazama anakosa usingizi. Filamu nzuri ya kukua inasimama upande wa huyo anayekosa usingizi. Filamu mbaya inasimama upande wa mtu mzima anayeukumbuka utoto wake na kuuchekea. Nitalirudia hili mpaka mnichoke, kwa sababu naona miswada inayoletwa hapa klabuni, na mingi imeandikwa na watu waliokwisha kuhama upande.

Tuanzie Iran.

Mwaka 1987 Abbas Kiarostami alitoa filamu ambayo jina lake ni swali: nyumba ya rafiki iko wapi? Aliipiga katika kijiji cha Koker, kaskazini mwa nchi. Mtoto wa miaka minane, Ahmad, anarudi kutoka shule, anafungua mkoba wake, anakuta madaftari mawili. Moja lake. La pili la mwenzake wa dawati, Mohammad Reza. Majalada yanafanana, amelibeba bila kujua. Basi, huo ndio msuko wote. Naweza kukaa chini.

Lakini asubuhi ile kuna kitu kilitokea darasani. Mwalimu aliichana karatasi ya Mohammad Reza mbele ya wenzake, kwa kuwa hakuiandika kazi yake daftarini, akamwambia akirudia tena atafukuzwa shule. Yule mtoto akalia. Na Ahmad alikuwa amekaa ubavuni pake. Sasa daftari analo yeye. Rafiki anakaa kijiji cha pili, Poshteh, ng'ambo ya kilima, na Ahmad hajui nyumba ni ipi.

Anamwambia mama. Mama anasema, fanya kazi yako ya shule. Anamwambia tena. Mama anamtuma. Anamwambia mara ya tatu, kwa maneno yaleyale, na mama anasikia kelele tu. Ni nani kati yetu wenye watoto hajawahi kuwa yule mama? Si mtu mbaya. Ana nguo za kufua, ana mtoto mchanga, ana nyumba. Kiarostami hamgeuzi kuwa adui. Anamwacha awe mama mwenye shughuli, na hapo ndipo inapouma.

Mtoto anatoroka, anakimbia. Kuna njia ya mapindipindi inayopanda kilima, juu yake mti mmoja, na kamera imekaa mbali inamtazama anavyopanda. Anafika Poshteh, anauliza nyumba hadi nyumba, anakosa, anarudi. Njiani anakutana na babu yake, ambaye anamtuma sigara. Na sigara babu anazo! Amekaa nazo. Anamweleza mzee mwenzake kwamba anataka tu mtoto ajifunze kutii, na anasimulia jinsi baba yake alivyokuwa akimpa senti kidogo kila wiki na kipigo kila wiki mbili. Senti mara nyingine alizisahau, kipigo hakukisahau hata mara moja. Ukumbini watu hucheka hapo. Kisha wanamwona Ahmad amesimama anasubiri, daftari limebanwa chini ya sweta, na kicheko kinakatika chenyewe.

Nawauliza ninyi mnaopenda filamu za bastola: mwaka huu mmeona bastola ngapi? Na ni ngapi zilizowafanya mshike viti kama lile daftari? Hatari katika filamu hii ni kwamba mtoto mmoja anaweza kufukuzwa shule kesho. Hakuna zaidi. Lakini Kiarostami ameipa hatari hiyo uzito wake kamili, dakika kwa dakika, mpaka giza linaingia na upepo unavuma na tunamwogopea Ahmad kama anayekimbia vita.

Anaimaliza namna gani? Ahmad haioni nyumba ya rafiki. Usiku, nyumbani, anaandika kazi yake, na anaandika na ya mwenzake. Asubuhi anafika darasani kwa kuchelewa, analiteleza daftari mezani. Mwalimu anafungua, anakagua, kati ya kurasa kuna ua dogo ambalo Ahmad alipewa usiku ule na fundi seremala mzee aliyemsindikiza. Mwalimu anasema vizuri, anapita kwa mwingine. Mwalimu hajui chochote. Mama hajui. Babu hajui. Tunajua sisi.

Mtoto mwenye miaka minane amefanya uamuzi wa kimaadili, amewaasi watu wazima wote waliomzunguka na kuidanganya shule kwa ajili ya rafiki, na hakuna hata mmoja aliyemtangazia kwamba amekua. Ndugu zangu, kukua kwenyewe ndiko huko. Na ninyi mnaoandika, tafadhali, ifuteni ile sentensi ya mwisho ambapo bibi anamshika mhusika bega na kumwambia, "Sasa umekuwa mtu mzima." Ifuteni leo usiku.

Niongeze jambo moja kuhusu Koker, halafu nisonge mbele. Mwezi Juni 1990 tetemeko kubwa la ardhi lililipiga eneo lile na kuua maelfu kwa maelfu ya watu. Kiarostami alipanda gari kwenda kuwatafuta watoto wale wa filamu yake, na kutokana na safari hiyo akatengeneza filamu nyingine, iliyotoka 1992. Naitaja kwa sababu kuna wanaosema filamu za upole hutengenezwa na watu wasiojua ukali wa dunia.

Sasa, mji.

Kwa nini filamu hizi hukaa katika mji mdogo? Si kwa sababu mandhari ni mazuri, ingawa wapiga picha wetu wangependa iwe hivyo. Katika mji mkubwa ukichoka kuwa mtu fulani unahama mtaa. Katika mji mdogo wanamjua baba yako, wanamjua kaka yako aliyefungwa, wanajua ulivunja dirisha la nani ulipokuwa na miaka sita. Methali wanayo tayari: mtoto wa nyoka ni nyoka. Hukumu imetoka kabla hujafika mahakamani. Na marafiki ni akina nani? Ni wale wachache wasioisoma hukumu hiyo.

Mnaikumbuka Stand by Me, ya Rob Reiner, ya mwaka 1986? Imetokana na hadithi ya Stephen King. Wavulana wanne wa miaka 12, mji mdogo wa kubuni huko Oregon, kiangazi cha 1959. Wanaifuata reli kwa miguu kwenda kuuona mwili wa mtoto mwenzao aliyepotea. Sikilizeni, hata filamu yenye maiti ndani yake inaweza kuwa ya upole. Mwili si kitendawili cha polisi pale, ni mahali pa kwenda tu.

Mmoja wao, Chris, ametoka katika familia yenye jina baya. Siku moja shuleni fedha za maziwa ziliibwa. Mji mzima ulijua ni Chris. Usiku, wamelala porini, Chris anamfungulia moyo rafiki yake Gordie. Ndiyo, niliziiba. Lakini nilizirudisha, nilimpa mwalimu mkononi. Na baadaye mwalimu akaonekana na sketi mpya. Chris akaadhibiwa kwa wizi, na angemwambia nani? Nani angemwamini mtoto wa nyumba ile kuliko mwalimu?

Tazameni ukubwa wa jambo lenyewe. Fedha za maziwa. Sketi. Mtu mzima akisikia anasema, pole, yatapita. Lakini pale porini tunamwona mtoto anayetambua kwamba watu aliofundishwa kuwaamini wanaweza kumwibia na kumwachia yeye jina la mwizi. Ukubwa jalala, wazee wetu walisema, kila taka hutupwa hapo. Chris amegeuzwa jalala akiwa bado mdogo. River Phoenix ndiye aliyeigiza. Inasimuliwa kwamba Reiner alimwomba amkumbuke mtu mzima yeyote aliyewahi kumvunja moyo, bila kumtaja kwa yeyote. Hakumtaja. Tunaona alichokipata.

Mfano wa pili ni wa nyumbani kwetu Afrika, na inaniudhi kidogo kwamba vijana wengi hapa wameiona Stand by Me na hawajaiona Yaaba. Idrissa Ouédraogo, Burkina Faso, 1989. Si mji, ni kijiji, lakini mashine ni ileile. Kuna bibi kizee, Sana, anayekaa peke yake pembeni. Kijiji kimekwisha kuamua: mchawi. Chochote kikiharibika, ni yeye. Watoto wawili, Bila na binamu yake Nopoko, wanaanza kumzoea, na Bila anamwita bibi yake. Kisha Nopoko anajeruhiwa kwa kisu akiamua ugomvi, jeraha linaoza, pepopunda inaingia, na ni yule "mchawi" anayetembea safari ndefu kumtafuta mganga. Urafiki wa mtoto wa kijijini umefanya kazi ambayo baraza la wazee lilishindwa. Na umeifanyaje? Kwa kusalimia, kwa kuiba kuku ampelekee chakula, kwa kuuliza maswali ya kijinga. Watu wanatembea tu!

Lakini mji mdogo una upande mwingine ambao waandishi wengi huusahau. Mji unahukumu, sawa. Je, haupendi? Haujengi? Haujivunii chochote?

Mwaka 1979 ilitoka Breaking Away. Bloomington, Indiana: mji wenye chuo kikuu na wenye machimbo ya mawe ya chokaa. Marafiki wanne wa miaka 19, mwaka mmoja tangu wamalize shule. Hawana kazi, hawana chuo, wanaogelea kwenye shimo la machimbo yaliyoachwa ambalo limejaa maji. Wanafunzi wa chuo wanawadharau, wanawaita kwa kazi ya baba zao, wakata mawe. Mmoja wao, Dave, anaendesha baiskeli na amejiaminisha kuwa Mwitalia. Anaimba opera, anamsalimia baba yake Kiitaliano, hata paka wa nyumbani amempa jina la Fellini, yule mwongozaji wa filamu wa Italia, na baba anafoka kwamba paka anaitwa Jake, na ni paka wake. Ni kichekesho. Tunacheka sana.

Halafu waendesha baiskeli halisi kutoka Italia wanakuja kushindana. Dave anawafikia, anawasemesha kwa furaha. Mmoja wao anapenyeza pampu kwenye gurudumu lake na kumwangusha. Hakuna aliyekufa. Mfupa haujavunjika. Lakini mtoto anarudi nyumbani na kulia kifuani kwa baba, na mabango ya Italia yanabanduliwa ukutani.

Ndipo usiku baba na mwana wanatembea chuoni. Baba sasa anauza magari yaliyotumika. Ujana wake aliutumia kukata mawe. Anayatazama majengo na kumwambia mwanawe kwamba mawe yale aliyakata yeye, na alikuwa hodari, na alijivunia. Kisha majengo yakakamilika, na ikawa kama majengo yamekuwa mazuri mno, hayawafai tena wale walioyakatia mawe. Hakuna aliyewakataza kuingia. Walijisikia tu hawafai. Na anamuuliza kijana, bado mnaogelea kule machimboni? Bado. Basi, anasema baba, kilichobaki kwenu kutokana na miaka 20 ya kazi yangu ni mashimo.

Nimeona filamu nyingi zinazozungumzia matabaka kwa mabango na hotuba ndefu kuliko hii yangu. Sijaona iliyosema kwa uchache namna ile. Baba wa mji mdogo, ambaye saa nzima tumekuwa tukimcheka, ghafla ana historia. Na kijana anaelewa kwamba aibu aliyoirithi ina anwani, ina jengo, ina ngazi unazoweza kuzipanda ukiamua.

Mnajua nani aliyeuandika mji ule vizuri hivyo? Steve Tesich, aliyezaliwa Yugoslavia na kufika Marekani akiwa na miaka 14, kisha akasoma chuo hapohapo Bloomington. Na mwongozaji, Peter Yates, alikuwa Mwingereza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tesich alipata tuzo ya Oscar kwa muswada ule. Wenyeji walikuwa wamepita mbele ya majengo yale kila siku bila kuyaona. Ilihitajika jicho la mtu aliyewahi kuwa mgeni. Kwa hiyo kama unaandika mji ulikozaliwa, usijiamini sana. Mtafute aliyehamia, muulize aliona nini wiki ya kwanza.

Nipite haraka kwenye suala la waigizaji, maana saa inakwenda.

Urafiki hauigizwi. Unaweza kuigiza hasira, unaweza kuigiza mapenzi hata, Mungu atusamehe, lakini watu wanne waliojuana tangu utoto wana namna ya kukaa, ya kukatizana maneno, ya kunyang'anyana vitu, ambayo kamera haidanganyiki nayo. Reiner aliwaweka wavulana wake wanne pamoja kwa takriban wiki mbili kabla ya kupiga hata picha moja, wakicheza michezo ya maigizo tu, wazoeane. Bill Forsyth wa Scotland, kabla ya kutoa Gregory's Girl mwaka 1981, alikuwa amefanya kazi na vijana wa kikundi cha maigizo cha Glasgow, na fedha za filamu hiyo zilipochelewa alitengeneza nao kwanza filamu nyingine kwa bajeti ya kimaskini. Walipofika kwenye Gregory's Girl walikuwa tayari wanajuana. Kwa hiyo mkiniambia bajeti hairuhusu mazoezi, nitauliza kwa nini inaruhusu kukodi droni.

Ila kuna hadithi nyingine kuhusu Reiner ambayo husimuliwa kwa kusifiwa, na mimi siisifu. Katika sini ya daraja la reli, watoto wawili wanakimbia na treni nyuma yao. Kwa kweli treni ilikuwa mbali sana. Lenzi ndefu ndiyo iliyoisogeza. Watoto walijua wako salama, kwa hiyo hawakuogopa. Wil Wheaton, aliyemwigiza Gordie, amesimulia kwamba mwongozaji aliwafokea, akawaambia wafanyakazi wamechoka kwa sababu yao, mpaka wakalia, na ndipo kamera ikawashwa. Sini ni nzuri, hapana ubishi. Lakini mtoto ni mtoto hata akiwa kazini. Wiki mbili za michezo zilitupa filamu nzima. Kufokewa kulitupa dakika moja. Chagueni wenyewe.

Sasa nifike ninapotaka kufika: kuondoka.

Filamu hizi zote zina saa iliyofichwa, inayogonga. Msimu utakwisha, shule itafunguliwa, treni itakuja. Wahusika wenyewe mara nyingi hawaisikii. Sisi tunaisikia. Ndiyo maana tukio dogo, kundi limekaa ukutani linabishana upuuzi, linaweza kutubana koo: tunajua ni mara ya mwisho, wao hawajui. Na swali kubwa la kila filamu ya aina hii ni: nani ataondoka, nani atabaki?

Baba wa filamu hizi, kwangu mimi, ni I vitelloni ya Federico Fellini, ya mwaka 1953. Yule Fellini wa paka, ndiyo. Vijana watano katika mji wa pwani. Vijana? Wengine wamekaribia miaka 30! Hawafanyi kazi, wanalishwa nyumbani, wanatembea ufukweni wakati wa baridi wakiitazama bahari. Fellini alizaliwa Rimini, mji wa pwani, akauacha kwenda Roma mwaka 1939. Na alipotaka kuupiga mji wake, hakuupiga Rimini. Aliukusanya vipandevipande kutoka Viterbo, Ostia, Florence. Rimini ya kwenye kumbukumbu ilikuwa inamtosha.

Mwishoni mmoja wao, Moraldo, yule mkimya, anapanda treni alfajiri bila kuwaaga. Anamwaga mtoto mmoja tu anayefanya kazi stesheni. Mtoto anamuuliza, kwani hukuwa na furaha hapa? Moraldo hana jibu. Treni inaanza kwenda, na Fellini anatuonyesha vyumba vya marafiki mmoja baada ya mwingine, wamelala, kamera ikipita kana kwamba treni inapita kando ya vitanda vyao. Hakuna kilio. Hakuna hotuba. Miaka 20 baadaye, 1973, George Lucas alipotoa American Graffiti, usiku mmoja wa mwaka 1962 katika mji wake wa utotoni, Modesto, kivuli cha Fellini kilikuwemo. Marafiki wawili wana ndege ya asubuhi kwenda chuo. Steve amekwisha kuamua kuondoka, Curt anasitasita. Kukipambazuka, anayepanda ndege ni Curt, na Steve amebaki. Na kwa wale wanaosema filamu hizi hazilipi: ile iligharimu chini ya dola milioni 1 na mapato yake yalipita dola milioni 100.

Lakini hapa ndipo nina ugomvi, na nimeubeba miaka mingi. Tangu lini anayeondoka amekuwa ndiye pekee aliyekua? Moraldo kapanda treni, tunampigia makofi. Waliolala tunawahurumia. Kwa nini? Steve amebaki Modesto. Je, kubaki hakuhitaji moyo? Waandishi wa filamu wengi wao waliondoka kwao. Ndiyo sababu ni waandishi wa filamu. Kwa hiyo wanaandika filamu zinazowathibitishia kwamba walifanya vizuri. Ni haki yao. Ila ninyi mnaotazama, kumbukeni ni nani aliyeshika kalamu.

Na ugomvi wa pili ni mkubwa zaidi. Mwisho wa American Graffiti maandishi yanatokea kutueleza hatima ya wahusika: mmoja aliuawa na dereva mlevi, mwingine alipotea vitani Vietnam, mwingine anauza bima, mwingine ni mwandishi, anaishi Kanada. Wanaume wanne. Wasichana waliokuwa nao usiku kucha, waliokaa kwenye magari yaleyale, waliocheka na kulia nao, hawana mstari hata mmoja. Laurie, mpenzi wa Steve, alimzuia asiondoke, aliibadilisha hadithi nzima, na hatima yake haikuonekana inastahili kuandikwa. Wapo waliolalamika tangu filamu ilipotoka. Walikuwa sahihi.

Rudini kwa Fellini, mtazame tena. Kabla Moraldo hajapanda treni, kuna mtu mwingine aliyekwisha kuondoka. Olga, dada yake Alberto, mmoja wa wale watano. Ndiye anayefanya kazi katika nyumba ile. Ndiye anayemlisha mama, na Alberto, lijitu zima, humkopa fedha za kuchezea. Olga anampenda mwanamume mwenye mke. Baada ya usiku wa kanivali, Alberto anarudi nyumbani amelewa, bado kavaa gauni la mzaha, anamkuta dada yake anaondoka asubuhi ileile. Anaondoka. Mama analia, Alberto anaahidi kwamba sasa atatafuta kazi, na ahadi yenyewe haijafika mwisho, usingizi umemchukua.

Wote tunaikumbuka treni ya Moraldo. Olga nani anamkumbuka? Aliondoka kabla yake, na alikuwa na mengi zaidi ya kupoteza: jina, mama, mji mzima uliokuwa ukimsema. Fellini aliliona; amelipiga, liko mle ndani. Ni sisi watazamaji tuliohesabu marafiki watano tukamwacha wa sita.

Ninawaambia hivi kwa sababu kwenye meza ya klabu kuna miswada mitatu ya filamu za kukua, nimeisoma yote, na yote mitatu ni ya wavulana wanaotazama barabara inayotoka mjini. Dada yao anapita nyuma amebeba ndoo. Katika muswada mmoja hana hata jina, ameandikwa "DADA". Mpeni jina. Mwulizeni anakwenda wapi na hiyo ndoo, anamkopesha nani fedha, nani anamsubiri nje. Mimi ningekuwa na kamera asubuhi ile nyumbani kwa Alberto, ningewaacha wale wanne wamelala na kutoka mlangoni na Olga.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali sasa, na tafadhali yawe maswali kweli.